Barua ya wazi kwa madiwani wa Arua na Koboko: Muulizeni mzee analalaje

Waheshimiwa madiwani wa Jiji la Arua na wa Wilaya ya Koboko,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachosikilizana nacho sote, Mlugbara na Mkakwa, Mnubi na Muaringa, pamoja na ndugu wanaovuka kutoka Ariwara na Yei kuja kutibiwa upande huu. Jambo langu ni la mkojo wa wanaume waliokula chumvi. Najua si neno la kufungulia kikao, na huenda ndiyo sababu vikao vyetu huanza na barabara na kumalizika na barabara.

Tezi dume inakaa chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo. Mwanaume akishavuka miaka 40 tezi hiyo huanza kukua polepole bila yeye kuhisi lolote. Kati ya waliofika 60, karibu nusu tezi zao zimekua, na katika miaka ya 80 ni nadra kumpata ambaye yake haijakua. Kukua huku si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Tatizo ni kwamba njia inabanwa. Mkojo unachelewa kutoka, ukitoka unakatika-katika, hauishi kibofuni, na baada ya nusu saa unadai tena. Usiku mtu anaamka mara nne, mara tano.

Daktari akisikia hayo anaandika dalili. Mwenye nayo amekwisha kupanga maisha yake yote kuyazunguka. Ninaye baba mdogo huku Ayivu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa mbele: akija matangani anakaa na wazee, anasikilizwa. Siku hizi akifika anatafuta kwanza choo kiko upande gani, kisha anakaa pembeni, kwenye njia ya kukielekea. Chai ya jioni aliiacha. Ariwara siku ya soko haendi tena, kwa kuwa dereva wa teksi hasimami porini kwa ajili ya abiria mmoja. Watu wakaanza kusema mzee ana majivuno, hakai na wenzake. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Basi la Kampala ni habari nyingine. Ni karibu kilomita 480, na vituo vya kusimama vinaamuliwa na dereva. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na magari yakazungushwa njia za mbali, saa zikaongezeka. Kwa mwanaume ambaye tezi imembana, safari hiyo huanza jana yake jioni kwa kutokunywa maji, na humalizika kwa chupa iliyofichwa ndani ya koti. Ndiyo maana nikisikia mzee fulani amekataa kwenda hospitali ya Mulago huko Kampala, siharakishi kumwita mbishi.

Waislamu wetu wa Oli na Koboko wana uzito wao wa ziada. Matone yakitoka baada ya udhu, mtu anaona haya kusimama safu ya kwanza. Fikihi ilishalitolea hilo ufumbuzi zamani: asiyeweza kuuzuia mkojo hutawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha anasali hata kama matone yanaendelea. Lakini wazee wengi hawakuambiwa, nao huishia kusali nyumbani peke yao. Hapo imamu anaweza kufanya ambalo daktari hawezi.

Halafu yuko mke. Mumewe akiamka, naye anaamka. Shuka linafuliwa kabla hakujapambazuka ili wakwe wasilione kwenye kamba. Sijawahi kuiona fomu ya hospitali yenye nafasi ya kuandika hilo.

Mwaka 1992 madaktari wa mkojo wa Marekani walitunga maswali saba ya kupima ukali wa tatizo hili, na leo yanatumika karibu dunia nzima. Unaulizwa mkojo unakatika mara ngapi, unajikamua mara ngapi, unaamka mara ngapi usiku, na kadhalika. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ikiwa 7 au chini yake, hali ni nyepesi. Kuanzia 20 hadi 35 ni kali. Baada ya hayo likawekwa la nane, ambalo alama zake hazichanganywi na za mengine: ukiambiwa mkojo wako utabaki hivi ulivyo leo mpaka mwisho wa maisha yako, utajisikiaje?

Kwangu mimi swali hilo la nane ndilo swali lenyewe. Wanaume wawili wanaweza kupata alama 15 kila mmoja. Mmoja analima shambani kwake, choo kiko hatua chache, mkewe anajua, mambo yake hayajaharibika sana. Mwingine anaendesha lori linalovuka Oraba kwenda Sudan Kusini, na kila kizuizi cha barabarani kwake ni mateso. Tukihesabu dalili tu, tutasema hawa wanalingana. Hawalingani hata kidogo, na matibabu yao hayapaswi kulingana.

Mtaniambia wazee wetu wengi hawasomi fomu. Hilo nalo lilishafanyiwa kazi, tena hapa hapa Afrika. Madaktari wa Windhoek, Namibia, na wenzao wa Afrika Kusini walitengeneza fomu ya michoro, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo ya kuilinganisha na ile ya maneno. Ina maswali manne tu. Kuna picha ya mwanaume amesimama anakojoa, mkojo ukienda mbali, kisha karibu, kisha matone miguuni. Kuna picha za kuonyesha anaenda mara ngapi mchana na mara ngapi usiku. Mwisho kuna nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia. Mzee anaweka kidole, basi. Karatasi hiyo inaweza kuwa mkononi mwa kila muuguzi wa vituo vya afya vya Adumi na Oli, na katika mkoba wa kila mhudumu wa afya wa kijiji, kwa bei ya fotokopi.

Sasa nije kwenye mpira wa mkojo, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu.

Mara nyingi huanza usiku. Kuna matanga, pombe ya kwete inazunguka, baridi imeingia, pengine mzee amemeza vidonge vya mafua vya dukani, ambavyo hukaza mlango wa kibofu. Alfajiri mkojo unakataa kabisa. Tumbo la chini linavimba na kuwa gumu, na maumivu yake wanaume wazima huyalilia. Anabebwa kwa boda, tena katikati ya watu wawili, hadi kwenye kituo. Muuguzi anaingiza mpira, unatoka mkojo wa kujaza beseni, na mzee anamshika mkono yule binti kama kwamba amefufuliwa. Hapo huduma imefanya kazi yake na hatuna la kulaumu.

Lawama inaanza kesho yake. Anaambiwa arudi kwa ajili ya upasuaji. Anarudi, tarehe inasogezwa. Daktari wa upasuaji ana kina mama wenye uchungu ulioshindikana na vijana wa ajali za boda, na ukweli ni kwamba mtu mwenye mpira hafi leo. Hivyo mpira uliokuwa wa siku chache unakuwa wa miezi. Mpira wa kawaida unatakiwa kubadilishwa karibu kila mwezi. Ukizidi hapo unaota magamba, unaziba, unaleta homa. Mfuko ukipasuka, anatafuta wa kununua, na akikosa anafunga chupa ya soda. Suruali inachaguliwa kwa upana wa mguu. Jembe linawekwa kando, kwa kuwa akiinama mpira unavuta. Wajukuu wanaacha kukaa mapajani, na chumbani mke anahamia mkeka wa pembeni, si kwa chuki, ila wote wawili wanaogopa kuuvuta usiku.

Jambo ambalo wazee wengi hawaambiwi ni kwamba si kila aliyewekewa mpira lazima abaki nao akisubiri kisu. Zipo dawa, kama tamsulosini, zinazolegeza misuli ya mlango wa kibofu ndani ya siku chache. Mgonjwa akinywa dawa hiyo, kisha mpira ukatolewa kwa majaribio akiwa chini ya uangalizi, sehemu nzuri ya wagonjwa hukojoa wenyewe. Wanaoshindwa hurudishiwa mpira, na hao ndio wa kutangulizwa kwenye foleni ya upasuaji. Kwa hiyo ombi langu kwenu, na kupitia kwenu kwa wakuu wa hospitali, ni hili: mpira wowote unaoingizwa katika eneo letu uandikiwe siku ile ile tarehe ya kubadilishwa na tarehe ya kujaribu kuutoa, na karatasi hiyo ibaki kwa mgonjwa. Najua hospitali ya rufaa ya Arua haiko chini yenu, iko chini ya wizara. Lakini vituo vya daraja la tatu na la nne ni vyenu, na mzee hurudi huko kubadilishiwa mpira.

Dawa hizo zinanunuliwa famasi, na hapo ndipo wachuuzi wanapowapata wazee. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali havitozi ada, lakini mzee akipewa kikaratasi akanunue nje, bure inaishia mlangoni. Anakutana na kijana mwenye kipaza sauti na chupa za rangi, anayeahidi kuponya mkojo, mgongo na nguvu za kiume kwa mkupuo mmoja. Sidharau miti shamba. Gome la mti wa milimani uitwao Prunus africana, unaoota Uganda na mashariki mwa Kongo, limekuwa likisafirishwa kwenda Ulaya kwa miongo mingi kutengenezea vidonge vya tezi dume. Mfaransa Jacques Debat alilichukulia hataza mwaka 1966, na mti ukachunwa kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa. Gome hilo lilipopimwa lilionekana kuwapa watu nafuu ya kadiri. Wale wa kipaza sauti hawauzi gome lililopimwa. Wanaiba muda, na huo ndio mzee mwenye saratani asioweza kuupoteza.

Maana saratani nayo ipo, na haipungui. Rejista ya saratani ya Kampala ilionyesha kwamba kati ya 1991 na 2010 saratani ya tezi dume ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Ikiwa changa mara nyingi haina dalili yoyote. Wengi wetu hufika hospitali wakiwa na maumivu ya mgongo yaliyoitwa uzee kwa mwaka mzima, wengine miguu ikiwa imeanza kufa ganzi kwa sababu ugonjwa umeufikia uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yasiyoisha kwa mwanaume aliyepita miaka 50 yanastahili kipimo cha damu cha PSA, na ndiyo, kidole cha daktari cha kuipapasa tezi pia. Nimesikia vicheko vya kutosha kuhusu hicho kidole. Kinachukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Ugonjwa ukishasambaa, matibabu ya kawaida ni kuikosesha saratani homoni ya kiume inayoilisha. Charles Huggins wa Chicago alilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel. Inawezekana kwa sindano za mara kwa mara, ambazo ni ghali, au kwa upasuaji mdogo wa kutoa korodani, unaofanyika mara moja. Huku kwetu wengi huishia kwa upasuaji. Maumivu ya mifupa yanaweza kupungua ndani ya siku chache, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hamu ya unyumba huondoka, joto linapanda ghafla mwilini kama kwa mwanamke anayekoma hedhi, misuli hulegea, mifupa inadhoofika, na moyo huingia huzuni. Mwanaume anayeambiwa hayo kabla, mkewe akiwa amekaa naye, anaweza kuamua kiume. Asiyeambiwa huzinduka baadaye akidhani amerogwa, au amedanganywa, na huwaonya wenzake kijijini wasikanyage hospitali. Ndivyo tunavyowapoteza na wale ambao wangewahi.

Uongo mmoja unaozunguka sokoni unaua wengi: kwamba ukipasuliwa tezi, uanaume umekwisha. Upasuaji wa kupunguza tezi iliyokua tu, isiyo na saratani, hauondoi korodani, na wanaume wengi hubaki na nguvu zao. Kinachobadilika kwa kawaida ni kwamba mbegu hurudi nyuma, zinaingia kibofuni badala ya kutoka nje. Mtu anahisi raha, hatoi kitu. Kwa anayetaka bado kuzaa, hilo ni la kujadiliwa mapema. Kwa mwenye wajukuu kumi na wawili, si la kumnyima usingizi. Upasuaji wa kuondoa tezi nzima kwa sababu ya saratani ni kitu kingine kabisa, wenye gharama nyingine. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 waliogunduliwa saratani ingali changa, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine kisu, wengine mionzi, wengine kuangaliwa tu. Baada ya miaka 15, waliouawa na saratani hiyo walikuwa kama 3 katika kila 100, kundi lolote lile. Lakini miezi sita baada ya kutibiwa, asilimia 46 ya waliopasuliwa walikuwa wakivaa pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja. Kwa waliopigwa mionzi walikuwa asilimia 5.

Sisemi tuige matibabu ya Waingereza. Wao waliwapata wagonjwa wao mapema, sisi tunawapata saratani ikiwa imeshafika mfupani. Mionzi yenyewe kwa mtu wa Koboko ina maana ya kukaa mbali na nyumbani wiki kadhaa, na tunakumbuka mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi ilipokufa. Ninachowaonea wivu ni kwamba waliwauliza wale wanaume kuhusu suruali zao na vitanda vyao, wakayahesabu majibu pamoja na vifo.

Wanawake wa fistula walipitia aibu hii hii ya kuvuja na kunuka, wakatengwa, wakafichwa. Kampeni ya kimataifa ilianza mwaka 2003, na leo kila tarehe 23 Mei ni siku yao. Sioni wivu, nafurahi. Ila nashangaa kwamba mwanaume anayevuja bado ni kichekesho. Desmond Tutu alisema hadharani kuhusu saratani yake ya tezi dume mwaka 1997, Mandela yake ikatangazwa mwaka 2001. Januari 2024 mfalme Charles wa Uingereza alitangaza kwamba anatibiwa tezi iliyokua, na maelfu ya wanaume wa nchi yake wakaanza kutafuta habari za ugonjwa huo siku hiyo hiyo. Kwetu hatuhitaji mfalme. Mzee mmoja wa ukoo, padri wa Ediofe, mchungaji wa Mvara au sheikh wa Oli akisema mbele ya watu kwamba yeye huamka mara tano usiku na ameenda kupimwa, wiki hiyo foleni itaongezeka.

Nyinyi wenyewe mna jambo moja ambalo halihitaji kibali cha wizara wala msaada wa wafadhili, nalo ni vyoo. Vyoo vya stendi na vya masoko viko chini yenu, au chini ya watu mliowapa zabuni. Vinatoza kila anayeingia. Kijana analipa mara moja kwa siku. Mzee mwenye tezi analipa mara sita, na akirudi mara ya saba bila sarafu anafukuzwa kama mlevi. Ndiyo maana mnawaona nyuma ya vibanda, nao wakikamatwa huko hutozwa faini ya kuchafua mji.

Basi katika kikao chenu cha bajeti kijacho pitisheni kwamba mwanaume au mwanamke aliyetimiza miaka 60 aingie choo chochote cha umma katika Jiji la Arua na Wilaya ya Koboko bila kulipa, sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa kila mwenye zabuni, na tangazo libandikwe mlangoni kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Kisha tengeni fungu, hata dogo, la dawa za kulegeza mlango wa kibofu katika vituo vya daraja la nne, na mumtake kila msimamizi wa kituo awaletee kila robo mwaka idadi ya wazee wanaoishi na mpira na tarehe waliyowekewa. Mkiiona orodha hiyo mara ya kwanza, mtakuta humo majina ya watu mnaowafahamu, na wengine ni baba zenu.

Wenu,
Mwana wa Ayivu